Mzee Aliyerudisha Kijiti Kilicholowa

Mpendwa Shangazi Wagaki, naomba unisaidie haraka kwa sababu safari ni Ijumaa ijayo na mama yangu ameshafunga nguo zake.

Mimi ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu hapa Kithyoko, na shule zikifungwa tunakodi basi twende kuona Nairobi usiku, tunaanza Embakasi kutazama ndege zikitua, tunazunguka katikati ya mji polepole, halafu tunashuka kilimani, pale panapoitwa Community, ambapo mji wote unauona ukiwaka, na sisi, Shangazi, bwawa la umeme liko mlangoni lakini tunawasha koroboi. Wewe umekaa na Wakamba, unajua watu hawahesabiwi, ukihesabu watu unaita kifo, kwa hivyo nampa kila mmoja kijiti cha kiberiti mpaka kiberiti kiishe, na tukipanda kurudi ananirudishia mlangoni, kiberiti kikijaa tunaondoka.

Mwezi wa Aprili kilijaa, na bado mkono mmoja ukabaki umenyooshwa. Alikuwa mzee wa koti refu, na kijiti chake kilikuwa kimelowa hadi kichwa kimetoka rangi, na mvua haikuwa imenyesha. Nilidhani ni mume wa mtu, nikakipokea. Alikaa nyuma hadi pale njia inapoteremka kuelekea majini, akagonga dirisha, dereva wetu Festus akasimamisha. Akinipita akasema, "Mwambie Kamanthe taa nimeziona. Ni nzuri. Aje tuone pamoja." Akashuka akivuta mguu, akashika njia ya bwawani, ambako hakuna nyumba hata moja.

Kamanthe ni mama yangu. Nilimwambia kama kichekesho lakini hakucheka, akauliza, "Alikuwa anavuta mguu gani?" Nikasema wa kushoto. Shangazi, baba yangu alikufa mimi bado nanyonya, alikuwa anavuta mguu wa kushoto, alikuwa amemwahidi mama kumpeleka Nairobi kuona taa, na bwawa lilipojaa tulihama, kaburi lake likabaki chini ya maji.

Sasa mama amefunga nguo zote, hata leso ya arusi. Nikiuliza za nini kwa usiku mmoja, ananijibu, "Wewe nipeleke tu. Mambo ya kurudi niachie." Naogopa atashukia pale majini. Nimpeleke, au nimfungie nyumbani?

Mutheu, Kithyoko, Agosti 1999

Mutheu, pole sana. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango.

Lakini wacha nikukaripie kwanza. Unapeleka wazazi wa watu mjini usiku ukiwa na kiberiti! Mwiko wenu nauheshimu, ila haujakataza majina. Andika majina kwa daftari, uyaite Embakasi, uyaite tena kilimani mkipanda. Asiyeitika anangojwa, na asiye kwenye daftari hapandi. Mshuke penye mwanga na askari, mshikane mikono wawili wawili, na asichungulie mtu uchochoroni eti anaona mji.

Kuhusu mama, usimfungie. Mlihama na mbuzi na vyungu, je, kuna siku hata moja mlimrudisha akamlilia mumewe pale maji yalipomfunika? Mama hafungi nguo za Nairobi. Anafunga za kwenda kwa mumewe, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana umeniandikia.

Alhamisi, mchana, jua likiwa juu, mpeleke bwawani pamoja na pasta. Mwache alie, amwite mumewe kwa jina, amwambie kwamba bado ana wajukuu wa kulea. Ijumaa mpeleke aone taa, aliahidiwa. Njia nzima mkalishe dirishani, wewe ukae upande wa kutokea, usimwachie mkono. Festus asisimamishe pale njia inapoteremka, hata dirisha likigongwa namna gani.

Na mkono ukibaki tena umenyooshwa pale mlangoni, usipige kelele. Alikuacha ukinyonya, hujawahi kumwita. Mwite baba, umwamkie vizuri, halafu umwambie basi limejaa.