Propela Iliyopimwa Pelagia Akiwa Ndani

Kibara, Bunda,
Mkoa wa Mara.
6 Julai 2024

Mpendwa shemeji Gaudensia,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumba yako huko Songea. Baridi ya huko imelegea? Na lile goti, linakuruhusu kwenda misa? Sisi tunaamka. Mwanangu Prosper hajambo, watoto wake wanakula na kucheza. Mimi mwili hauna neno, mengine unayajua.

Siku ya msiba uliniuliza kwenye simu kwa nini hatukumfikisha dada yako Pelagia kwenu Mugeta kama tulivyoahidi. Sikuweza kujibu mbele ya watu. Swali lako ni la haki, na nimeona nikujibu kwa kalamu.

Pelagia alitaka kitu kimoja tu mwaka huu: kufika kwenu, akae na kaka yenu Magige, aone kaburi la mama yenu. Mimi mtu wa Butiama niliyezeekea Kibara sihitaji kuelezwa hamu ya namna hiyo. Nyonga yake haikuvumilia tena pikipiki, na basi linamwacha mtu mbali. Ikabaki pikapu yetu ya milango minne.

Gia boksi yake ilikuwa imekufa. Prosper akapata nyingine, ya gari la aina tofauti, fupi kuliko ya kwanza. Kisha akanyanyua gari kwa springi za juu zaidi, tumbo lisigonge mawe ya njia ile. Hapo propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi magurudumu ya nyuma, haikufika tena. Fundi mmoja akairefusha. Akapima gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, ndani hamna mtu.

Tuliondoka baada ya Pasaka, gari limejaa. Springi zikalala kwa uzito, nafasi ikapungua, propela ikakosa pa kurudi. Tulipoipita Bunda ikaisukuma gia boksi hadi mkia wake ukapasuka. Pelagia alikaa kando ya barabara, amepakata kikapu cha dagaa wa kaka yake. Hakulalamika. Alisema tu, "Mugeta haihami." Tukavutwa na trekta kurudi.

Prosper alipokwisha kuitengeneza gia boksi, tukamwita Felisian, fundi wa Musoma. Yeye aliikataa jeki. Alitaka gari likae chini na wote watakaosafiri wapande, kila mtu mahali pake. Dada yako akakaa kiti cha mbele, amevaa kitenge cha kanisani kana kwamba safari ni siku hiyo.

"Felisian, unapima gari au unanipima mimi?"

"Nawapima wote, mama. Usipungue tu kabla sijamaliza."

"Nipungue wapi! Nilikuwaga mwembamba mimi. Ni huyu mzee na sato wake."

Tulicheka hadi gari likatikisika, na Felisian akatufokea kutoka uvunguni kwamba tutulie.

Propela ikapelekwa karakana moja ya Iringo, hukohuko Musoma, ikakatwe, ichomelewe na isawazishwe isije ikatetemesha gari. Kabla haijarudi, Pelagia aliamka asubuhi akaniomba maji. Nilipoyaleta, alikuwa ameshaondoka.

Hilo ndilo jibu, shemeji. Safari ya kwanza ilivunjikia njiani, ya pili hakuisubiri.

Propela ililetwa matanga yakiwa yameshaanuliwa. Felisian aliifunga. Ilikaa sawasawa.

Wiki iliyopita nikaenda Mugeta kumkabidhi Magige kitenge na fimbo ya dada yake, kama desturi inavyotaka. Jirani yetu Wambura alitaka kupanda mbele. Nikamwambia pamejaa, nikaweka pale gunia la mihogo.

"Mzee, siku hizi mihogo nayo inakaa mbele?"

Nikamwonyesha kiti cha nyuma. Mimi nilikaa palepale nilipopimiwa, nyuma ya kiti cha Pelagia.

Gari halikutetemeka hata kidogo, Gaudensia. Bunda tukaipita, na mahali pale alipokaa na kikapu tukapapita. Niliomba moyoni litetemeke, nipate kitu cha kulaumu.

Magige siku hizi anasahau. Alikuja msibani, akatupa udongo kaburini kwa mkono wake, lakini umri umemwibia siku ile. Aliposikia mlio wa gari alitoka nje, akaja moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, akaufungua na kunyoosha mikono yote miwili.

"Dada, shuka taratibu."

Mikono ikakuta gunia. Akalipapasa juu hadi chini, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji, mmemwacha wapi?"

Nilimweleza, akalia kama anasikia mara ya kwanza. Kesho yake asubuhi akaniuliza tena.

Kwa hiyo nakuomba uje. Akikuona wewe, huenda atatulia. Sauti yako na ya Pelagia zilikuwa moja. Fika Bunda tu, Prosper atakupokea. Gari sasa ni zima, na gunia nililiacha kwa Magige. Kiti cha mbele kitupu.

Nisalimie mume wako Revocatus, Hilda na mdogo wake Jenipher. Mungu awafunike huko mliko, na akuongoze njia nzima hadi kwenu.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa niaba ya wawili,

Stanislausi