Dawa ya Moyo Haigawiwi

Usoke, Tabora

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama huko Tukuyu, wewe, shemeji na mama yetu. Mimi ni mzima, tena mume mwenye bahati kuliko wote. Kalunde wangu akicheka, nasahau hata hesabu ninazofundisha. Kila asubuhi namshukuru Mungu upya.

Lakini mwezi huu tumelia pamoja. Baba yake, mzee Maganga, alikuwa amevimba miguu na kuhema hata akiwa amekaa. Hospitalini Tabora daktari alisema moyo wake umechoka, ameze kidonge kila siku maisha yake yote, na jembe aliache. Alimeza, uvimbe ukapungua, akajiona amepona. Akarudi shambani.

Huku watu hulima kwa kikundi, ngoma ikipigwa, na alaye peke yake huitwa mchoyo. Basi mzee akawagawia wenzake vidonge, kila aliyesema moyo unamwenda mbio. Mmoja alitapika mpaka akalegea. Vilipokwisha, mzee mwenyewe akaanguka kwenye matuta.

Tulimrudisha hospitalini, akapewa vingine. Nyumbani akakataa kuvigusa.

"Baba, meza," Kalunde alimsihi.

"Nimeze peke yangu kama fisi? Na siumwi tena."

"Huumwi kwa sababu ya dawa, baba! Ukiacha, utatuacha."

Ndipo mpiga ngoma wao, rafiki yake wa tangu ujana, alipoingia akanena, "Maganga, ulitaka kutuua na sisi? Hiki kidonge ni chako. Shamba lako tutalima."

"Mnilimie kama mjane?"

"Heri tukulimie uko hai, tukutukane vizuri."

Mzee alitokwa na machozi. Akachukua kidonge, akatugeuzia mgongo kwa aibu ya kula mbele ya watu bila kuwagawia, akameza. Tangu hapo humeza hivyo hivyo, akitazama ukuta. Daktari hakutuahidi miaka mingi.

Dada, uliniandikia kwamba mama hupumzika njiani akitoka kisimani, na jioni viatu humbana. Atakuambia ni uzee. Mpeleke hospitali, hata akikasirika. Na akipewa dawa, akapata nafuu, mkalie palepale mpaka ameze.

Nisalimie shemeji, na mjomba mzee wa kanisa. Kalunde anakuamkia, wifi yake ambaye hajamwona bado. Anataka amkute mama akiwa hai.

Mdogo wako akupendaye,
Anyosisye