Nafasi ya Nne

Kambi ya Polisi, Naguru
Februari 1997

Baba Babra,

Sisi wazima, na kuku wako bado wanalala chini ya kitanda. Habari kubwa ni shule: serikali sasa inasomesha bure watoto wanne wa kila familia. Jirani mwenye saba hapati usingizi! Sisi tuna watatu, nafasi moja ikawa inakaa bure.

Juzi mwanamke kutoka Arua, ulikolinda zamani, aliniachia binti wa miaka sita, akaondoka. Masikio ni yako kabisa. Nililia kidogo, nikapika, akala. Leo nimemwandikisha. Mwalimu alimtazama, akamtazama Babra, akacheka, akaandika bila kuuliza.

Ukija likizo, leta madaftari manne na maelezo.

Mkeo bado,
Aloyo