Mdahalo Ulioniondoa Kwenye Kamati

Mwanangu Minza,

Marahaba. Natanguliza kuitikia kwa sababu najua ukiifungua barua tu utasema shikamoo mama. Barua hii nimeiandika iwe ya wazi, hata ndugu zetu wa Nyegezi waisome. Ulinisema mbele za watu, na mimi nakujibu mbele za watu.

Unakumbuka ule mdahalo wa shuleni kwenu hapa Magu, ukiwa kidato cha nne? Mada ilikuwa kama serikali na ushirika wasimamie bei ya pamba, au mkulima aachwe auze anakotaka. Nilikaa kiti cha mbele na kitenge kipya, mimi niliyeishia darasa la saba, mjumbe wa kamati ya ushirika. Kila aliyekaa karibu nilimwambia yule mrefu, wa pili kwenye mstari, ni wangu. Hata ambao hawakuuliza niliwaambia.

Wenzako wa upande wa pili walitetea ujamaa vizuri, wakasema bepari akiachwa atamnyonya mkulima mpaka mifupa. Ukasimama wewe. Ukasema ushirika unachelewa kulipa, ndiyo maana hata wanaousimamia hawaungoji. Halafu, taratibu kabisa:

"Namjua mjumbe mmoja wa kamati. Mkutanoni anakataza watu kuuza pamba kwa walanguzi. Msimu huu kauza magunia mawili barabarani, ili mwanawe asirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada. Je, huyo ni mhujumu, au ni mama?"

Hukunitaja. Lakini, mwanangu, Magu hii nani hakujua ni mjumbe gani ana binti kidato cha nne? Vichwa viligeuka. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa nyuma yangu, akakohoa. Upande wenu ukashinda, nami nikapiga makofi kuliko wote, huku nikijua kiti changu kimekwenda.

Na kilikwenda kweli. Ulipolia jikoni nilikuambia nyamaza, songa ugali. Sikuongeza neno, na hapo ndipo nilipokosea, maana tangu siku ile hubishani nami tena. Leo uko Dodoma, unaandika mambo ya uchumi, wakubwa wanakusikiliza. Lakini nikikupigia simu nikasema serikali ipange bei ya kila kitu, hata ya samaki sato, unaniambia, "Sawa, mama." Sawa gani hiyo? Sikukuzaa uniambie sawa.

Msimu huu yule mnunuzi wa barabarani hakuonekana. Bei ilishuka huko duniani, naye akapotea. Ushirika ulichelewa kama kawaida yake, lakini mizani ilikuja, ikapima pamba ya wote, hata ya bibi jirani yetu yenye vumbi. Kwa hiyo wewe ulisema kweli, kuchelewa ni dhuluma. Na mimi nasema kweli, anayekuja akipenda tu si wa kumtegemea. Nani amsimamie nani, hapo sijamaliza. Nangoja ubishi wako.

Wamenirudisha kwenye kamati. Mkutano mkuu unakuja, tutajadili kama wanunuzi binafsi waruhusiwe. Nikawaambia nina binti wa kutufafanulia. Mwenyekiti yuleyule akauliza, "Yule aliyekuumbua?"

Nikamjibu, huyohuyo.

Njoo, Minza. Sema unaloliamini, hata kama ni kunipinga. Nitakaa mbele. Ila safari hii usiseme mjumbe mmoja. Unitaje jina.

Ni mimi mama yako,
mjumbe wa magunia mawili.