Noti ya Mwisho ya Papa Baraka

Mwalimu,

Ulijifunza Kiswahili kwa kukiimba, kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili. Leo ni Ijumaa. Kesho asubuhi kwaya inaondoka hapa Mesquite, Texas, kwenda Houston, kuimba katika ibada ya kukukumbuka aliyoiandaa binti yako. Ameomba wimbo mmoja tu: ule wa maziko uliotutungia sisi, wa mwisho katika maisha yako.

Ukumbi wa mazoezi umepakwa rangi upya. Piano yako imesukumwa kando, imefunikwa shuka. Majoho ya bluu ya ile kwaya ya Wamarekani uliyoitungia nyimbo tangu ujana wako yametolewa nje yakiwa ndani ya mifuko ya taka. Ulituambia jinsi kwaya ile ilivyokufa: wanaume wa besi waliondoka kwanza, mmoja mmoja, na ninyi mliobaki mkaendelea kuimba kana kwamba hamkuona. Nilidhani ni masimulizi ya mzee tu. Sasa kila mazoezi naitazama safu yetu ya nyuma, ya besi.

Unakumbuka tulivyokataa ukurasa wa mwisho? Kwetu Kivu, huko Kongo, wimbo wa maziko haufanyiwi mazoezi mpaka mwisho kama hakuna aliyekufa. Tunaishia kabla ya ubeti wa mwisho, tunafunga karatasi, tunaongea habari nyingine. Wewe hukujua. Mwisho ule uliuandika kwa upendo: sauti zote zinanyamaza, Papa Baraka, besi wetu, anabaki peke yake chini kabisa na noti moja ndefu. Ulitaka kuisikia. Yeye akacheka. "Mumuache mzee asikie," akasema. "Kama ni kufa, nitatangulia mimi, niko na mwili mukubwa." Tukaimba mpaka mwisho, wewe umefumba macho. Wiki hiyo hiyo ukafa.

Sasa Papa Baraka yuko hospitalini. Alianguka kazini, kwenye ghala. Moyo. Nilipokwenda kumwona aliuliza kama wimbo wako tunaufanyia mazoezi. Nikamwambia tunaishia palepale pa siku zote. Akashusha pumzi, akanipigapiga mkono.

Jana kwenye mazoezi tulipofika pale nikashusha mikono. Watu wakaanza kufunga karatasi. Mama Baraka, mke wake, hakufunga. Alikuja moja kwa moja kutoka hospitalini, stika ya mgeni bado iko kifuani. Akageuza ukurasa.

"Tuumalize," akasema.

Mmoja wa waimbaji wa teno akamwambia taratibu, "Mama, tuache kwanza. Tutaumalizia Houston."

"Daktari alishaniambia, ndugu. Tuumalize leo. Siku yake yenyewe mimi sitaweza kuimba."

Nikainua mikono. Mama Baraka aliimba bila kutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Soprano wakanyamaza, kisha teno, kisha alto, kama ulivyoandika. Ikabaki nafasi ya noti ile. Hakuna aliyeiimba. Niliendelea kupiga mapigo hewani kama ulivyonifundisha, na wote walikuwa wanatazama kiti kimoja. Tulipomaliza hakuna aliyeanza habari nyingine.

Binti yako amesema atatutafutia mtu wa besi hukohuko Houston, mwimbaji mzuri. Nimekataa. Akasema baba yake angependa wimbo uwe mzima. Najua, Mwalimu. Najua ungependa.

Lakini nakuahidi hivi: kesho tutaimba mpaka ukurasa wa mwisho, mapigo yote nitayapiga, na hakuna mtu atakayesimama mahali pa Papa Baraka maadamu anapumua. Utausikia wimbo wako ukiwa na pengo. Nivumilie kwa hilo.

Pumzika sasa. Na kama huko uliko kuna kwaya, na kama wamepungukiwa na besi, tafadhali usimtaje. Waambie wangoje.

Mwanafunzi wako.