Kompyuta ya Habiba na Mdomo Wangu

Jumanne, baada ya magharibi

Nani alinituma kujibu? Kuna watu wanaotengeneza kwa kujitolea programu ya bure ya kuendeshea kompyuta; waliuliza mtandaoni nani ana kompyuta ya aina adimu kama hii ya dukani, awajaribie toleo jipya. Asipopatikana mtu, wataacha kabisa kuitengenezea programu aina hiyo. Mimi, fundi wa Garsen nzima, nikaandika: niachieni mimi.

Leo wamejibu. Ni mimi tu niliyejitokeza. Duniani kote!

Na kompyuta yenyewe si yangu. Ni ya dada Habiba, ndiyo anayochapia barua za watu dukani. Nikikosea, huenda isiwake tena. Nikinyamaza, hakuna atakayeitengenezea programu tena.

Nimemwambia. Nilidhani atanirushia kandambili.

"Wee Godana, shule uliiacha kidato cha pili, leo dunia inakungoja wewe?"

"Ndiyo, dada."

Kisha akasema: "Nakili barua zangu zote kwanza. Na ukiiua, utawaandikia wateja kwa mkono mpaka nipate nyingine."

Nimekubali. Kesho naanza. Mwandiko wangu hata mimi siusomi. Ya Rabi, iwake.