Bendera ya Ain Jalut

Jiddah, Jumamosi

Kaka yangu Haidar,

Assalaam alaykum. Naomba waraka huu ukukute mzima, wewe, wifi na watoto, na lile goti lako liwe limepoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ingawa nikikwambia hatujambo nitakuwa nakuficha. Nimechoka, Kaka, na haya nisingeyaweza kwa simu.

Unajua kuwa tangu Baba aache kazi ya kutengeneza meno ya bandia, mikono yake ilihamia kwenye vile vijiaskari vya bati, bapa kama sarafu, anavyovipaka rangi mpaka ukaapa vina nyama na mifupa. Mwaka jana Abu Turki, tajiri mmoja wa Al-Malqa kule Riyadh, alimwagiza vita vizima vya Ain Jalut: Wamongolia huku, Mamluki wa Misri kule, na farasi wao. Baba alifurahi kama kijana aliyekubaliwa posa. Presha ya macho ilikuwa imeshamwanza, na daktari alimpa dawa ya matone, lakini kazi ilitoka safi na kila mgeni aliyeingia aliisifu.

Wiki iliyopita tukaipeleka Riyadh. Abu Turki alitupokea vizuri, akawapanga askari juu ya meza, akawa anatazama tu. Bendera moja ilikuwa imebanduka rangi njiani, akamwomba Baba aiguse palepale. Baba akachovya brashi, akapaka taratibu, kwa ule utulivu wake unaoujua. Alikuwa anapaka kitambaa cha meza, Kaka, pembeni mwa askari. Alipomaliza akaegemea kiti.

“Tazama sasa,” akasema.

Hakuna aliyecheka. Abu Turki alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini vile vingine vilipakwa na nani. Sikumjibu, na Baba alisikia kuwa sikujibu.

Dereva wa Abu Turki akatupeleka hospitali. Daktari alisema jicho la kulia limekwisha, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akauliza habari ya matone. Baba akasema aliyaacha tangu Ramadhani, kwa kuwa kazi yake mwenyewe ilimwonyesha kuwa amepona.

Kaka, aliyempa ushahidi huo ni mimi. Nilipoona ndevu zinapakwa shingoni na rangi zinamwagika nje ya mistari, sikuwa na moyo wa kumwambia. Akilala baada ya adhuhuri nilikuwa nafuta na kupaka upya, kama alivyonifundisha utotoni. Mwishowe vijiaskari vyote vilikuwa kazi ya mkono wangu. Wageni wakasifu, naye akaamini. Nilidhani namhifadhia heshima yake.

Nilimweleza yote garini, tukirudi. Hakukasirika. Tulipoipita Taif akasema:

“Nipeleke kwa Haidar. Kwako sijui tena lipi naliona mimi na lipi unanionyesha wewe.”

Basi atafika Unguja Alhamisi ijayo, Inshallah. Nimemkatia viza ya kutoka na kurudi, ijapokuwa yeye anasema ya kurudi haina haja. Nilitaka kumrudishia Abu Turki fedha zake, naye amekataa kurudisha askari hata mmoja, na kile kitambaa cha meza pia amekiweka.

Nakuomba jambo moja. Matone yake ni asubuhi na jioni, hata akikwambia anaona vizuri. Na akikuuliza kama bahari ni ile aliyoiacha utotoni, mwambie ilivyo. Usimpambie.

Nisalimie wifi, uwabusu watoto. Baba yuko chumbani anafunga sanduku lake mwenyewe, na amenikataza kumsaidia.

Wasalaam,
Nduguyo akupendaye,
Safa binti Murad